Ramadhani 22: Amemaliza Matibabu, Lakini Bado Anapona



Ndugu zangu waumini, mlio hapa mtaani na mlio mbali mnaosoma darsa hizi kwenye simu.

Jana tulianza maneno ya Laylatul Qadri na nikaahidi kuendelea. Tutaendelea kesho in shaa Allah. Leo naomba nafasi kwa jambo jingine. Tangu mwezi uandame nimeulizwa swali moja na nyumba tatu tofauti, na kila nikimjibu mmoja naona jibu lile lingewafaa na wengine walioona haya kuuliza.

Swali ni hili, nimelifupisha: "Ustadh, mama alikuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akatundikiwa dripu, mionzi kaimaliza mwezi wa Rajabu. Daktari kasema sasa ni kliniki tu ya kumwangalia. Je, afunge? Maana watu wanauliza."

Hukumu ya saumu tutaifikia sasa hivi, nayo ni nyepesi. Kizito ni hayo maneno mawili ya mwisho. Watu gani wanauliza? Mara nyingi si watu wa mbali. Ni wifi. Ni jirani aliyemwona anakunywa uji saa nne asubuhi. Wakati mwingine ni mume mwenyewe, ambaye hasemi kwa mdomo, ila anauliza mbona daku siku hizi inapikwa na mtoto. Na yule mama akisikia maneno hayo, "si umepona?", anaanza kujiona kama mtu anayemdanganya Mola wake.

Basi tuanze na hukumu ili tuimalize.

Allah alipoifaradhisha saumu katika Suratul Baqara, palepale kwenye aya ya 184 alimtoa mgonjwa na msafiri akawapa siku nyingine za kuhesabu. Aya ya 185 akarudia jambo lilelile, kisha akatueleza kwamba yeye anatutakia wepesi na hatutakii uzito. Mara mbili katika aya mbili zinazofuatana. Sisi walimu tukirudia jambo mara mbili darasani, mwanafunzi mwerevu anajua hilo litatoka kwenye mtihani.

Na ugonjwa gani unaoruhusu kula? Wanachuoni wametaja ugonjwa ambao ukifunga unapata madhara, au unazidi, *au unachelewa kupona*. Hilo la tatu ndilo watu wanalisahau. Kuchelewa kupona nako ni udhuru. Maana yake yule ambaye saratani imeondolewa lakini mwili wake bado unajijenga yumo ndani ya ruhusa, wala hakuingizwa kwa huruma ya imamu.

Hebu tujue mwili huo umepita wapi, maana wengi wetu tunahukumu tusichokijua. Dripu za saratani, zile wengine wanaziita kemo, zimetengenezwa kuua chembe zinazokua haraka. Saratani inakua haraka. Lakini na nywele zinakua haraka, na ngozi ya ndani ya mdomo, na ya utumbo, na chembe za damu zinazotukinga na maradhi. Vyote vinapigwa pamoja. Ndiyo maana nywele zinanyonyoka, mdomo unatoka vidonda, chakula kinakuwa na ladha ya chuma, na mafua madogo yanaweza kumlaza mtu hospitali. Dripu zikiisha, nyusi zinarudi, mashavu yanajaa kidogo, na sisi tunasema alhamdulillah yamekwisha. Uchovu lakini hauonekani usoni. Uchovu ule si wa kulala ukaamka mzima, na unaweza kukaa na mtu miezi mingi baada ya dripu ya mwisho. Wapo wanaobaki na ganzi ya vidole hata kufunga kifungo cha shati la mtoto ni kazi. Wapo waliopigwa mionzi ya nyonga, tumbo haliwatulii na mkojo hauwasubiri. Aliyetolewa titi pamoja na tezi za kwapani anaambiwa aulinde mkono wa upande huo, maana unaweza kuvimba.

Mtu wa namna hiyo anamuuliza daktari wake, na neno la daktari mjuzi na mwaminifu ndilo linalofuatwa. Akisema funga, afunge na amshukuru Allah. Akisema ngoja, angoje. Ikihofiwa kwamba saumu itamwangamiza, basi kula kwake kunatoka kwenye ruhusa kunaingia kwenye *wajibu*, na hapo kufunga ndiyo maasi. Upande wa pili pia niuseme: kumeza kidonge kimoja kwa siku peke yake si udhuru. Wengi waliougua titi wanapewa vidonge vya homoni vya kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Ukiwa mwili una nguvu na daktari karidhia, kidonge kinahamia kwenye futari au daku na saumu inaendelea.

Siku alizokula atazilipa atakapoweza, hata kwa kuachanisha, leo moja na wiki ijayo nyingine. Ramadhani nyingine ikimkuta bado hajaweza, hana dhambi wala hana faini, deni linasubiri afya. Ambaye madaktari wamesema hatarajiwi kuweza tena, yeye halipi siku. Anatoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, apewe masikini. Basi. Wale wanaowaambia wagonjwa watoe kibaba *na* walipe siku *na* walishe watu sitini, sijui wamesoma wapi.

Sasa tuje kwenye lile lililonifanya niandike.

Yupo binti mmoja, mke wa mtu, ameniruhusu niseme habari yake bila jina. Alimaliza matibabu miezi mitano kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Daktari alimwambia asifunge mwaka ule. Nyumbani kwao wanakaa pamoja na wakwe, na mchana kuna watu uani wakati wote. Siku ya kwanza alikula chumbani, mlango umefungwa, akasikia mtu anacheka nje. Hakujua anachekwa yeye au la. Kuanzia siku ya pili akafunga. Hakumwambia mtu. Siku ya nne walimwokota kwenye sakafu ya bafuni karibu na Magharibi, midomo imekauka, presha imeshuka. Akalazwa. Na mama mkwe, ambaye wala si mtu mbaya, alilia akisema, "Mwanangu, nani alikulazimisha?"

Nani alimlazimisha? Hakuna mtu aliyemwambia funga. Lakini hakuna pia aliyemletea sahani mchana akamwambia kula mama, hii ni halali yako. Nyumba nzima ilinyamaza, naye akaujaza ule ukimya kwa hofu yake mwenyewe. Ndiyo maana nasema kwa mgonjwa anayepona haitoshi *kutomkataza*. Ruhusa ya Allah inatakiwa isemwe kwa sauti, mbele ya watoto, mbele ya wageni. Baba mwenye nyumba aseme: mama mwaka huu hafungi, Allah kampumzisha, na sufuria hii ni ya chakula chake cha mchana asiiguse mtu. Ukishasema hivyo mara moja, mwezi mzima umetulia.

Watoto nao waambiwe. Mtoto wa miaka saba anayejaribu saumu yake ya kwanza akimwona mama anakula, atauliza. Msimwambie "mama anaumwa tumbo". Watoto wanajua zaidi ya tunavyodhani. Walishaona ushungi ukivaliwa hata usiku, walishasikia neno saratani likinong'onwa sebuleni. Mwambieni kweli kwa kiasi cha umri wake. Mama aliugua sana, akapewa dawa kali, sasa anapona, na Allah anapenda ale. Mtoto aliyeambiwa hivyo amejifunza fiqhi ya mgonjwa akiwa na miaka saba, na amejua kwamba Mola wake ni mwenye huruma. Sidhani madrasa ingemfundisha vizuri zaidi.

Na wewe mwenyewe mgonjwa, dada yangu, kaka yangu, mama yangu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, na Bukhari ameipokea, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yuko kwake. Kaa nayo hiyo kidogo. Ulikuwa ukifunga miaka ishirini, ukisimama tarawehe, ukikoroga uji wa futari wa watu kumi na wawili. Mwaka huu umelala. Vile unavyoviona vimekatika, kwenye daftari lako vinaendelea kuandikwa. Unapokula sahani yako ya mchana kwa sababu Allah amekuruhusu, umeitii amri ileile ambayo mwenzako anaitii kwa kukaa na njaa. Mwenye amri ni mmoja.

Kuna jambo la wanawake ambalo nitalisema wazi, maana kulionea haya kumewapotezea watu swala. Wapo akina mama waliougua saratani ya shingo ya kizazi, wakabaki na damu inayotoka toka, kabla ya matibabu au baada ya mionzi. Wengine wameacha kuswali miezi, wanangoja "watoharike". Damu ya ugonjwa si hedhi. Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.) alimjia Mtume akamwambia damu yake haikatiki, je aache swala? Akamjibu kwamba ule ni mshipa, siyo hedhi. Siku za hedhi yake aache, zikipita aoge na aswali. Kwa hiyo unajisafisha, unajifunga vizuri, wakati wa swala ukiingia unatawadha na unaswali, kila faradhi na udhu wake. Hata ikitoka ukiwa kwenye rakaa ya pili, swala yako ni sahihi. Hukumu ni hiyohiyo kwa asiyeweza kuzuia mkojo. Na aliyewekewa kifuko cha choo tumboni baada ya upasuaji wa utumbo anaswali na kifuko chake.

Ninaye mzee wa safu ya kwanza aliyepotea msikitini karibu mwaka mzima kwa sababu ya kifuko hicho. Tulidhani amehama. Nilipomtembelea akaniambia anaogopa kuunajisi msikiti. Nikamwambia, mzee wangu, kimefungwa, hakivuji, na wewe huna namna nyingine, njoo. Sasa hivi anaswali kwenye kiti pembeni ya safu, mnamwona kila siku wala hamjui, na leo mkitaka kumtafuta kwa macho nitawashangaa.

Hapohapo niongeze, japo si somo la leo: mwanamke aliyekwisha koma hedhi kisha akaona damu, au anayetokwa na damu baada ya kukutana na mumewe, aende hospitali wiki hii hii. Asingoje Idi. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu Tanzania, na ikikutwa mapema inatibika.

Nirudi kwa wanaouguza, kwa sababu na wao wananiandikia. Mmoja aliniandikia saa nane usiku: "Ustadh, wenzangu wako itikafu, mimi nipo nabadilisha shuka. Ramadhani yangu imekwenda hivihivi."

Ndugu yangu, sikiliza kisa hiki.

Mwaka wa 2 Hijria, mwaka uleule ilipofaradhishwa saumu, Mtume (s.a.w.) alitoka na masahaba kwenda Badri. Ilikuwa Ramadhani. Kila aliyekuwa na nguvu alitamani kuwemo, na waliokuwemo wakapata daraja ambalo hakuna aliyelipata baada yao. Sayyidna Uthman (r.a.) hakuwemo. Mke wake Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwamuru abaki Madina amuuguze. Akamhesabia ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badri.

Miaka mingi baadaye, Uthman ameshafariki, akaja mtu wakati wa Hija akamuuliza Abdullah bin Umar: si kweli kwamba Uthman hakuwepo Badri? Anauliza kwa kejeli. Mnaona? Watu wanauliza. Walianza zamani. Ibn Umar akamjibu kwa kumweleza habari hiyo ya kuuguza, na kwamba fungu lake alipewa na Mtume mwenyewe, kisha akamwambia aende zake na jibu hilo.

Basi wewe unayebadilisha shuka saa nane usiku, unayepima homa, unayesimama foleni ya dawa huku umefunga, uliyekaa Dar wiki nyingi kwa ndugu ili mgonjwa wako apate mionzi Ocean Road, siku tano kila wiki, kutoka huku Tanga hukuwa umewahi kukaa mbali na wanao hata wiki. Itikafu ni sunna. Kumuuguza mzazi au mke asiye na mtu mwingine ni wajibu wako. Usikiache kikubwa ukilia juu ya kidogo. Usiku wa leo ni wa 23, na wewe unaweza kuupata usiku huo ukiwa umekaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, ulimi wako unamwomba Allah msamaha, kama Bibi Aisha (r.a.) alivyofundishwa aombe.

Lakini kisa cha Ruqayya hakikuishia kwenye kupona. Nalisema hili kwa sababu nyumba nyingine zinazonisoma zinajua. Habari ya ushindi wa Badri iliingia Madina wakati watu wanamzika. Mtume hakuwepo kwenye maziko ya binti yake. Na siku chache baada ya hapo ikaingia Shawwal, na wanahistoria wengi wanasema Idi ya kwanza ya umma huu iliswaliwa mwaka huo. Fikirini jambo hilo. Idi ya kwanza kabisa iliingia nyumbani kwa Mtume pakiwa na kaburi bichi la binti. Na ikaswaliwa, na watu wakala, na hakuna aliyeambiwa kwamba mwenye huzuni hana Idi.

Kwa hiyo mwenye hofu naye ana Idi. Hofu ya saratani kurudi haiishi siku ya kumaliza matibabu. Inakaa. Kliniki ya miezi mitatu ikikaribia, mtu halali, kila kichomi kidogo kinamfanya ashike kifua. Tafadhali msimwambie "imani yako ndogo". Nabii Yaaqub (a.s.) alilia mpaka macho yakaingia weupe, naye ni mtume. Alichofanya ni kuyapeleka malalamiko yake kwa Allah. Mwacheni alie, mwacheni aseme anaogopa, na nyinyi mkae naye. Kukaa tu. Ukikosa la kusema mmenyee chungwa.

Neno kwa waume. Najua yanayosemwa vijiweni, kwamba fulani mkewe ametolewa titi, au hawezi tena ya ndoa kwa sasa, basi aoe mwingine mapema. Sheria ya kuoa mnaijua, sitaigusa. Naongea juu ya *wakati* na juu ya *ulimi*. Mwanamke anayejitazama kwenye kioo na asijitambue hahitaji kusikia mipango yako kwenye Ramadhani anayohangaika kupona. Nabii Ayub (a.s.) alipougua, mke wake alibaki naye. Wafasiri wengi wanasema ndiye aliyekusudiwa katika Suratu Sad, pale Ayub alipokuwa ameapa kumpiga, na Allah akamfungulia njia: achukue kitita cha vijiti vyepesi, atimize kiapo, asimuumize. Mola wa mbingu saba alitafutia njia kiapo cha mtume ili mwanamke aliyeuguza asiumie. Wewe na mimi tutafute njia gani? Na wapo waume, wallahi nawajua, wanaosuka nywele za mabinti zao asubuhi kwa sababu vidole vya mama vina ganzi. Hawasemwi vijiweni hao.

Halafu hizi meseji. Kila mgonjwa wa saratani mtaani kwetu ameshatumiwa video ya dawa ya siku saba: siki, ndimu, majani fulani, unga fulani. Habbat sauda imo kwenye hadithi, siikanushi, naitumia. Visomo vya ruqya ni sunna. Lakini Mtume huyohuyo aliwaamrisha watu wajitibu. Ukimpa mgonjwa majani, daktari wake ajue, maana mengine yanagongana na dawa. Na ukimwambia aache kliniki kwa sababu ya kombe lako, jiandae na jibu mbele ya Allah. Sitaki kuendelea hapo, nitakasirika na nimefunga.

Tumalizie na Idi yenyewe, zimebaki siku saba au nane.

Nyumba yenye anayepona isifanywe kuwa mtihani wa kuona kama mama "amerudi". Wengi wetu tunamkumbuka kwa pilau yake. Mwaka huu pilau ipikwe na mwingine, hata ikiungua. Akitaka kukaa jikoni kwenye kigoda aelekeze viungo, vizuri, lakini sufuria la kilo kumi asilinyanyue. Wageni waje kwa mafungu, wasimjalie chumba. Mwenye mafua au mtoto anayekohoa amtumie salamu za simu, na asiyempa mkono asionekane ana kiburi. Aweke mkono kifuani, inatosha. Kiwanjani tutaweka viti vya wagonjwa upande wa kivuli karibu na lango, na vijana wawili wa kuwashusha kwenye bajaji. Asiyeweza kufika aiswali nyumbani, peke yake au na wanawe, rakaa mbili na takbira zake. Mkono wa Idi wa watoto autoe yeye mwenyewe akiwa amekaa, watoto wapange foleni mbele yake. Hiyo anaiweza, na ataipenda.

Zakatul fitri yake inatolewa kama ya wengine, pishi moja, na mwenye kumlisha ndiye anayemtolea.

Na kuna jambo moja kuhusu siku ile nimelifikiria sana wiki hii. Mwezi mzima mtu huyu amekula mchana peke yake. Asubuhi ya Idi kufunga ni haramu kwa kila Mwislamu, mzima na mgonjwa. Sunna ni kula tende kabla hata ya kwenda kuswali. Basi siku hiyo msile mkamletea chake chumbani. Mwiteni mkekani. Tende ya kwanza apewe yeye.

Matangazo mawili. Kamati ya akina mama inaandaa futari za nyumba zenye wagonjwa kwa siku zilizobaki. Mwenye kujua nyumba awaambie faragha, majina hayatatajwa kwenye kundi. Na wenye maswali ya fidya na siku za kulipa, kesho baada ya Alasiri nitakuwa barazani mpaka karibu na adhana ya Magharibi. Akina mama wanaoona haya wamtumie ustadhati, naye ataniuliza bila kutaja nani.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na awarehemu waliotangulia. Kesho in shaa Allah tunarudi kwenye Laylatul Qadri pale tulipoishia.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.